Boila ya Mzee Ndolo

Maji yalikuwa baridi tena. Kalekye alikinga mkono chini ya bomba la bafu, akahesabu hadi thelathini, akarudia kuhesabu, na maji yakaendelea kumwagika baridi vilevile. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, mumewe Ndolo alikuwa amekaa na taulo kiunoni, mkono wa kushoto umelala pajani kama si wake, anatetemeka. Watu wa mbali hudhani huku Kathonzweni ni jua tu mwaka mzima. Waje Julai, saa moja asubuhi, wavue shati.

"Bado?" Ndolo akauliza. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa pili, maneno yake yalitoka moja moja, polepole.

"Bado kidogo. Inajipanga."

"Imejipanga... wiki nzima."

Kalekye akacheka, ingawa cheko lenyewe lilikuwa la machungu. Akafunga bomba, akachukua kitambaa, akakichovya kwenye kikombe cha maji yaliyobaki kwa chupa ya chai, akampanguza uso, shingo na makwapa. Kisha akampaka mafuta na kumvisha sweta. Siku ya tisa hiyo, kupanguza tu. Na huyu alikuwa Ndolo, mchimba visima, aliyekuwa haingii kitandani na vumbi hata miaka ile ya kiangazi kikali. Angeoga kwa vikombe viwili vya maji na kimoja kingebaki cha kusuuza miguu.

Ukutani, juu ya kichwa chake, boila ilining'inia nyeupe, mpya, nzuri ya kutazama. Kando yake palikuwa na kiboksi kidogo chenye taa. Taa ilikuwa nyekundu.

*

Niseme mapema kwamba kuni zilikuwepo. Jikoni la nje lilikuwepo, sufuria kubwa ilikuwepo, na Kalekye hakuwa mvivu. Lakini mwezi wa tano alikuwa amechemsha maji kama kawaida, akayachanganya kwenye beseni, akatia mkono, akaona yako sawa. Mikono yake ni ya mwanamke aliyegeuza chapati kwa vidole miaka arobaini na sita. Haijui moto tena. Ndolo naye akatia mguu wa kushoto, ule usiosikia kitu, akautuliza mle akiongea habari za mbuzi. Walipokuja kuona, ngozi ya kisigino ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa.

Hakumlaumu. Alisema tu, "Sikusikia, Mama Musyimi." Hilo ndilo lililomliza Kalekye, nyuma ya jikoni, mahali ambapo hakuna mtu.

Ndipo watoto wao wawili wakapanga mambo ya boila. Nthenya, kifungua mimba, muuguzi kule Mwingi, akanunua tangi la lita hamsini. Musyimi, aliye Kanada mwaka wa kumi na moja sasa, akatuma kitu cha kuiongoza: kidude cha kushika mkononi, cheupe, chenye kioo kinachoonyesha namba, pamoja na kile kiboksi cha kufungwa bafuni. Huko kwao, alisema, nyumba nzima inapashwa moto hivyo. Unaweka namba, na vyuma vinaongea vyenyewe bila waya. Maji yakifika digrii arobaini, moto unazima. Hakuna wa kuungua tena. Vitu hivyo vililetwa na mtu wa Kyuso aliyetoka huko kuja nyumbani kuzika, vikiwa vimefungwa kwa soksi.

Siku fundi alipofunga, maji yalitoka ya moto. Ndolo alioga kwa muda mrefu mpaka vidole vikanyauka, na Kalekye akamwimbia wimbo wa kanisani nje ya mlango. Ilikuwa siku moja tu. Kesho yake maji yalikuwa baridi.

*

Fundi mwenyewe aliitwa Haroun. Babu yake alitoka pwani kuuza vitambaa Kathonzweni, akaoa hapa, wakabaki. Haroun anaongea Kikamba kuliko sisi wengine, na ana kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na posho mill ya kusaga mahindi. Alikuja mara ya kwanza siku tatu baada ya boila kugoma.

"Haya, mama. Rimoti iko wapi?"

"Ngoja nikuletee," Kalekye akasema. Akaingia chumbani, akakaa kidogo, akarudi nayo ameishika kwa mikono miwili kama anabeba yai.

Haroun akaibonyeza. Kule bafuni kiboksi kikalia *tap*, taa ikawa kijani, boila ikaanza kunguruma. Haroun akamtazama mama, akatazama boila.

"Si inafanya?"

"Ilikuwa inakataa."

"Basi imeniogopa." Akabadilisha betri hata hivyo, akanywa chai, akaondoka. Kalekye akairudisha rimoti mahali pake. Jioni maji yalikuwa baridi.

Mara ya pili ikawa vilevile. Haroun akazitenganisha rimoti na kiboksi, akaziunganisha upya kwa kubonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, akapima stima, akagonga tangi. *Tap*, kijani, ngurumo. Safari hii hakucheka.

"Mama, usikasirike. Kuna namba unabadilisha nikienda?"

"Mimi? Sijawahi gusa! Imeandikwa nisiguse, na sigusi."

"Maana ikiwa na mimi inafanya, ikiwa na wewe inakataa." Aliyasema hayo taratibu, kwa sauti ile watu hutumia na wazee, na sauti hiyo ikamuumiza Kalekye kuliko maneno. "Sikia, kuna njia rahisi. Nitoe hii rimoti kabisa, nifunge boila kwa swichi, kama za watu wengine."

"Itakuwa inazima ikifika arobaini?"

"Hiyo sasa ni wewe wa kuangalia. Yenyewe itachemka mpaka itoe mvuke."

Kalekye akafikiria kile kisigino. "Hapana. Acha hivyo."

Wewe unayesoma pengine umeshaanza kushuku jambo. Lakini wewe hukai pale, na hukulelewa na mama aliyekufundisha kwamba kitu cha thamani hakiachwi mezani. Haroun alipotoka nje ya geti, Kalekye aliingia chumbani kama kila siku, akafungua sanduku la chuma, akaiweka rimoti juu ya nguo, akaipangusa, akafunga kifuniko, akazungusha ufunguo, na ufunguo akaufunga kwa pembe ya leso.

Sanduku hilo Ndolo alimnunulia walipooana, kwa hela ya kisima cha kwanza alichochimba kikatoa maji. Lilikuwa la kijani, na pembe zake za shaba. Musyimi alikwenda nalo shule ya bweni na kurudi nalo, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Tangu aondoke, kila alichotuma kiliingia humo: tochi, saa ya mkono, sweta ya sufu isiyovaliwa hata mara moja, manukato ambayo hayajafunguliwa. Ndolo alikuwa akimtania kwamba mtoto anavalisha sanduku. Hivi sasa hakutania tena. Alilala kitandani akisikiliza kifuniko kikilia *ng'wee* asubuhi na jioni.

*

Jumatano kina mama wa kanisa walikuja kumwombea mgonjwa. Walikaa sebuleni watano, Ndolo katikati kwenye kiti chake, amechanwa nywele. Waliimba, wakaomba. Katikati ya chai, Nduku, mke wa mzee wa kanisa, akainuka akafungua dirisha.

"Humu kuna joto kidogo," akasema.

Joto! Julai! Kila mtu alielewa, na kila mtu akaangalia kikombe chake. Ndolo akavuta sweta shingoni kwa mkono wake mzima. Kalekye akaendelea kumimina chai, ikamwagikia sahani, akaendelea tu kumimina.

Walipoenda, Ndolo alisema, "Nanuka."

"Hunuki."

"Mama Musyimi. Pua... haikupigwa na kiharusi."

Jioni hiyo Nthenya, aliyekwisha kusikia habari za dirisha, akapiga simu.

"Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, "Baba ameoga?"

"Ameoga."

"Na maji ya moto?"

Kalekye akaanza kueleza habari za mbuzi, na mtoto aliyemzaa akajua.

"Sikia, Mwaitu. Nakuja Jumamosi. Nikipata hiyo boila bado imekataa, naondoka na Baba. Kwangu kuna maji ya moto, kuna mtu wa kumshika mchana, hospitali iko karibu. Sio vita, tafadhali. Hata wewe umechoka."

"Na mimi?" Kalekye alitaka kuuliza, lakini alijua jibu. Nyumba ya Nthenya ni chumba kimoja cha kulala, na watoto wawili wanalala sebuleni. Na mbuzi je, na ndengu zilizo ghalani, na nyumba yenyewe? Watu wawili waliokaa pamoja miaka arobaini na sita, sasa mmoja Mwingi na mwingine Kathonzweni, watasalimiana kwa simu kama watu wa ofisini. Na yote kwa sababu ya maji.

Akakaa kando ya kitanda. Akakumbuka mwaka aliomzaa Nthenya. Mvua ilikuwa imegoma, mto ni mchanga mtupu, na Ndolo alichimba mchanga mpaka akazama mabega, akapata maji, akayabeba kwa debe mwenyewe. Mwanamume kubeba debe! Wenzake walimpigia mluzi njia nzima. Akawasha moto, akayapasha, na kabla hajammwagia mzazi alitia kiwiko ndani ya debe, akafumba macho kama anasikiliza redio. "Bado," angesema. Halafu, "Sasa." Hakumchoma hata siku moja.

*

Nthenya alifika Jumamosi saa nne, na viatu vyake vya kazini. Alimkumbatia babake, na akiwa bado amemkumbatia pua yake ikamwambia kila kitu. Akaenda bafuni, akafungua bomba, akangoja, akafunga.

"Sawa," akasema. Hakugombana. Alichukua mfuko mkubwa kwa msumari, akaanza kukunja nguo.

"Haroun yuko njiani," Kalekye akasema. "Mpe nafasi ya mwisho."

Haroun akaja, akaamkia, akapita moja kwa moja mpaka bafuni na bisibisi mdomoni. "Leo rimoti siitaki hata kuiona," akatangaza. "Rimoti nimepima mara mbili, ni nzima. Shida iko kwa hii boksi." Akaanza kufungua misumari.

Chumbani, Nthenya alikuwa ameshapanga shati tatu, suruali mbili, sabuni, dawa za presha. Ndolo alikaa kwenye kiti chake akitazama mfuko unavyojaa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Koti ya Baba iko wapi? Ile ya kahawia."

"Iko kwa sanduku," Kalekye akasema. Akafungua pembe ya leso, akapiga magoti, akazungusha ufunguo. *Ng'wee.* Koti lilikuwa chini kabisa, kwa hiyo akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kupanga kitandani: rimoti, tochi, sweta ya sufu, manukato.

"Hee!" Haroun akapaza sauti kutoka bafuni. "Imeshika! Imekuwa kijani! Mama, mmewasha nini huko?"

"Hatujawasha kitu!"

Boila ikaanza kunguruma. Kalekye akalipata koti, akampa Nthenya, kisha akafanya alivyozoea kufanya: akavirudisha vitu vyote vya Musyimi ndani, akafunga kifuniko. Wakangoja. Ngurumo iliendelea dakika tano, dakika nane, Haroun akiimba bafuni kwa furaha. Halafu *tap*.

"Aah! Imepotea tena!" Haroun akatokea mlangoni, bisibisi mkononi, jasho puani. "Hebu, mama. Rimoti unaweka wapi?"

Kalekye akaangalia sanduku. Nthenya akaangalia sanduku. Ndolo, kutoka kwenye kiti chake, akainua mkono wa kulia na kulionyesha kwa kidole, kana kwamba alikuwa akingoja swali hilo tangu mwezi uanze.

Haroun akapiga magoti mwenyewe, akafungua kifuniko. Wakasikiliza. *Tap*, kule bafuni. Akaketi sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akamwona mama uso ulivyomshuka, akaacha.

"Mwaitu," Nthenya akasema. "Umekuwa ukifungia rimoti kwa chuma?"

"Si hata ya TV naficha? Na TV haizimi!"

"Hii si kama ya TV, mama," Haroun akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Hii na ile boksi wanaongea saa yote. Ukimfungia mmoja kwa chuma, mwenzake hamsikii. Anangoja dakika kumi, anaona huyu amepotea, anazima moto asije akachoma mtu."

"Wiki mbili!" Nthenya akapandisha sauti. "Baba amekaa wiki mbili hajaoga! Watu wa kanisa wanafungua madirisha, mimi nafunganya nguo, na kitu iko hapo kwa sanduku! Kwani ni dhahabu, Mwaitu? Mtu akileta kitu kutoka ng'ambo lazima ifungwe? Hii ni kitu ya kutumia!"

Kalekye akainama sandukuni. Aliinua rimoti, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na kipande cha tepu ya karatasi, na juu ya tepu maneno ya kalamu ya buluu: *MWAITU, NI 40 TU. USIGUSE ZINGINE. M.* Ile nne ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Nthenya aliijua nne hiyo. Alikuwa amesaidia kuifuta kwenye daftari za darasa la pili, jioni baada ya jioni, na Musyimi akirudia kuiandika vilevile.

"Zamani alikuwa anaandika barua," Kalekye akasema. "Sasa ni simu. Simu inaandika herufi za simu, zako na zake na za watu wa kanisa, zote moja. Hii ameandika na mkono. Miaka kumi na moja, Nthenya. Nikasema mvuke utaifuta. Nikasema moshi utaifuta. Kila jioni naitoa, naisoma, naificha."

Haroun akagundua kuna msumari wa kukaza bafuni, akaondoka.

Nthenya alikaa kitandani kando ya ile sweta isiyovaliwa. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki chini yake kilikuwa kitu cha siku nyingi.

"Mimi nakuja kila mwezi," akasema polepole. "Na mikono yangu yote miwili. Sanduku hili halina hata kitambaa changu."

"Ndiyo," Kalekye akasema. "Kwa sababu wewe unakuja."

Nthenya akainamisha kichwa. Akalia kidogo, wala si kwa huzuni tu, na mamake akamwekea mkono mgongoni, mkono ule usiosikia moto. Mfuko ulikuwa bado wazi miguuni pao.

"Nthenya," Ndolo akaita. Wakageuka. "Hiyo mfuko... toa sabuni. Naoga hapa."

*

Alioga saa nane mchana, na rimoti imekaa juu ya kabati ya vyombo, wazi, kila mtu anaiona. Haroun alikuwa ameipigilia kamsumari ka kuizuia isianguke, akakataa malipo ya siku hiyo, akasema kicheko chenyewe kimetosha. Namba ilikuwa arobaini.

Nthenya alitaka kumwogesha, ndiyo kazi yake, lakini babake akatikisa kichwa. Akaingia Kalekye. Akajaza beseni, akasoma ile namba kwa mbali kupitia mlango, na bado hakuiamini. Akakunja mkono wa blauzi, akatia kiwiko, akafumba macho.

Ndolo akamtazama. Kitu kikatembea usoni mwake, upande ule mmoja unaotembea.

"Kiwiko... kinasema?"

"Bado," Kalekye akasema. Akangoja kidogo tu, kwa mchezo. "Sasa."

Akammwagia kikombe cha kwanza begani. Mzee akashusha pumzi ndefu. "Kalekye," akasema. Alikuwa hajamwita jina hilo tangu Nthenya azaliwe; amekuwa Mama huyu, Mama yule. "Kalekye. Ongeza."

Nthenya aliondoka jioni na mfuko mtupu umekunjwa chini ya kwapa. Mamake alimfungia ndengu kilo nne, na juu ya ndengu akamtupia ile sweta ya sufu. Mwingi nako Julai kuna baridi, alisema.

*

Musyimi alipiga simu Jumapili baada ya ibada.

"Mwaitu, nimesikia boila imekubali! Shida ilikuwa nini?"

Kalekye alikuwa amesimama mbele ya kabati. Nthenya alikuwa amemwambia watoe ile tepu, waikate, waihifadhi vizuri. Kalekye alikuwa amekataa. Kukaa nje kulikuwa kumeanza kuifanyia kazi. Siku moja tu, na mikono ya watu, na mvuke, na tayari ile M ya mwisho imeanza kuwa kivuli.

"Hakuna shida. Ni mimi tu."

"Lakini sasa inafanya?"

"Inafanya. Babako anaoga mpaka tunagombana." Akaigeuza rimoti, akaikaribia tepu kabisa. "Lakini maandishi yako yanafutika, Musyimi."

"Maandishi gani?"

"Haya umeandika hapa nyuma. Si ya kudumu, nayaona. Kuja uandike mengine."

Kule Kanada, redio iliyokuwa ikisikika nyuma ya Musyimi ikazimwa.

"Niandike nini, Mwaitu?"

"Hata hiyo arobaini tu," Kalekye akasema.